Kwenda arijojo: uzi ukishakatika

Juzi nikisahihisha insha nilikutana na sentensi hii: "Nilimwaga chai, asubuhi yangu ikaenda arijojo." Nikaitia duara jekundu. Sarufi iko sawa, ila neno limeonewa.

Arijojo ni neno la kishada, ambacho wengine hukiita tiara na wengine burutangi. Sisi tulikiunda kwa karatasi na chelewa za mnazi, tukakifunga mkia wa vitambaa. Ukivuta uzi, uso wa kishada unakabili upepo, na upepo unakiinua. Uzi ukikatika, ungedhani kitapaa zaidi kwa kuwa hakuna anayekizuia. Wapi! Kinalegea papo hapo, kinapinduka, kinapepesuka huku na huku, mwisho kinanasa juu ya mwembe wa watu au kinatua baharini. Huko ndiko kwenda arijojo.

Kwa hiyo jambo likienda arijojo, mimi huuliza kwanza lilikuwa limeshikwa na nini. "Tangu mweka hazina ahame, chama chetu kimekwenda arijojo." Hapo uzi unaonekana. Chai iliyomwagika unaifuta, unamimina nyingine.

Wanafunzi wangu wengi hulichanganya na mrama. Hilo ni neno la chomboni: jahazi likilazwa na mawimbi ubavu huu na ule, linakwenda mrama, lakini nahodha bado yuko kwenye usukani na huenda akaliokoa. Mazungumzo yaliyokwenda mrama leo yanaweza kutengenezeka kesho. Ya arijojo nani atayashika? Tofauti hii naipenda na nitaitetea darasani hadi nistaafu. Holela nayo ni habari nyingine kabisa: nyumba iliyojengwa kiholela ina mwenyewe, anajua anachofanya, ila hakufuata ramani wala hakuomba kibali.

Tena arijojo halipendi kutembea peke yake. Huandamana na kitenzi kwenda. Sijapata kusikia mtu akisema "kuarijojo", na naomba nisisikie.

Yule mwanafunzi nilimwandikia pembeni: "Nani alikuwa ameshika uzi?" Akaiandika upya. Safari hii chai haikuwemo. Alikuwemo nyanya yake, aliyemwamsha kila alfajiri na kumkagua kola kabla hajatoka mlangoni, mpaka wiki ile alipolazwa hospitalini.