Kuhitimu na usawa katika vyuo vya jamii vya Marekani: maana ya dhana

Chuo cha jamii nchini Marekani ni chuo cha umma kinachotoa shahada za miaka 2, vyeti vya ufundi, na masomo ya miaka 2 ya mwanzo kwa wanaokusudia kuhamia chuo kikuu baadaye. Ada yake ni nafuu, na mwenye cheti cha sekondari hupokelewa bila kushindanishwa na wenzake. Kikongwe kuliko vyote vya umma vinavyoendelea hadi leo, Joliet Junior College cha jimbo la Illinois, kilianza mwaka 1901 kikiwa na wanafunzi 6. Sasa vyuo hivi vinakaribia 1,000 nchini kote, na California peke yake ina 116. Wahamiaji kutoka Kenya, Kongo na kwingineko Afrika ni miongoni mwa wanaoanzia masomo yao huko.

Kwa muda mrefu chuo cha namna hii kilijisifu kwa idadi ya waliopokelewa. Swali la wangapi wanamaliza lilikuja kupewa uzito wa kitaifa katika karne hii, hasa baada ya Achieving the Dream, mpango wa kuvisaidia vyuo vya jamii kuinua matokeo ya wanafunzi wao, kuanzishwa mwaka 2004, na Rais Barack Obama mwaka 2009 kutangaza lengo la kupata wahitimu milioni 5 zaidi wa vyuo vya jamii kufikia 2020. Tangu hapo maneno mawili, kuhitimu na usawa, hutajwa pamoja katika karibu kila mpango wa kuviboresha vyuo hivi, ingawa yanapima mambo tofauti na yanaweza hata kuvutana.

Kuhitimu, kwa maana ya kitakwimu, ni sehemu ya wanafunzi walioanza pamoja ambao wamepata shahada au cheti ndani ya muda uliowekwa. Kipimo rasmi kinachojulikana zaidi cha serikali ya Marekani huwahesabu wale tu wanaoingia chuoni kwa mara ya kwanza na kusoma kwa muda wote, kisha huwapa asilimia 150 ya muda wa kawaida, yaani miaka 3 kwa shahada ya miaka 2. Kwa vyuo vya jamii kipimo hicho kina kasoro kubwa, kwa kuwa wanafunzi wao wengi husoma nusu muda huku wakifanya kazi, na aliyehamia chuo kikuu kabla ya kuchukua shahada ya miaka 2 hahesabiwi kuwa amehitimu hata kama anaendelea vizuri huko aliko. Hivyo anayenukuu asilimia ya chuo fulani bila kusema ni wanafunzi gani waliohesabiwa hajasema mengi.

Usawa, kwa upande wake, hutazama pengo la matokeo baina ya makundi: weusi na weupe, Walatino (wenye asili ya Amerika ya Kilatini), wenye kipato kidogo, watu wazima waliorudi shule, waliotoka kwenye familia ambazo hakuna aliyewahi kufika chuo. Haitoshi kwamba wote wameandikishwa kwa masharti yale yale. Kinachoulizwa ni iwapo utaratibu wa chuo wenyewe unawaangusha baadhi yao zaidi ya wengine. Tuchukue mfano wa kubuni wa chuo chenye wanafunzi 1,000, ambapo 600 wa kundi la kwanza huhitimu kwa asilimia 40 na 400 wa kundi la pili kwa asilimia 20. Kwa jumla chuo kina asilimia 32. Kundi la kwanza likipanda hadi asilimia 50 na la pili likabaki pale pale, jumla itafika 38 na mkuu wa chuo atapongezwa, ilhali pengo limetoka pointi 20 hadi 30. Ndiyo sababu wastani usiogawanywa kwa makundi haufai kuaminiwa.

Mahali ambapo mapengo hayo yamechunguzwa kwa kina ni kozi za kuimarisha msingi, hasa za hisabati. Mwanafunzi aliyefanya vibaya mtihani wa kupangiwa darasa aliweza kuanzia ngazi 3 chini ya hisabati ya chuo, akilipia kozi zisizohesabiwa katika shahada yake. Tukidhani kwamba katika kila hatua wanafunzi 7 kati ya 10 wanafaulu na kuendelea, basi baada ya hatua 4, ikiwemo kozi yenyewe ya chuo, wanabaki takriban 24 kati ya 100, na hakuna hatua hata moja inayoonekana kuwa na matokeo ya kutisha. Wanafunzi weusi na Walatino walipangiwa ngazi hizo za chini mara nyingi zaidi kuliko wenzao. Sheria ya California ya mwaka 2017, AB 705, ilivitaka vyuo vitumie alama za sekondari na kuwapeleka wanafunzi moja kwa moja kwenye kozi za chuo, wenye mahitaji wakipewa msaada sambamba, ili wengi iwezekanavyo wazimalize ndani ya mwaka 1. Waliofaulu waliongezeka katika makundi yote, lakini mapengo hayakutoweka, jambo ambalo kwa maoni yangu linaonyesha kwamba kuondoa kizuizi na kutoa msaada ni kazi mbili.

Mfano bora wa kazi hiyo ya pili ni ASAP, mpango wa kuwasaidia wanafunzi wamalize shahada ya miaka 2 mapema, ulioanzishwa mwaka 2007 katika vyuo vya jamii vya City University of New York, chuo kikuu cha umma cha jiji hilo. Mwanafunzi hutakiwa kusoma kwa muda wote, naye hupewa nafuu ya ada na vitabu, kadi ya usafiri ya kila mwezi, na mshauri wa masomo anayemjua kwa jina. Mpango huo ulipofanyiwa utafiti, mshauri mmoja wa ASAP alihudumia wanafunzi 60 hadi 80, ilhali kwa kawaida wangekuwa 600 au zaidi. Kadi ya usafiri ilitegemea ushiriki wa mwanafunzi katika mpango, kwa hiyo aliyeitaka hakuweza kumkwepa mshauri. Katika utafiti huo, uliowagawa wanafunzi wenye kipato kidogo kwa bahati nasibu, asilimia 40 ya waliokuwa katika mpango walihitimu ndani ya miaka 3, dhidi ya 22 ya wengine. Ohio ilipoiga mpango huo matokeo yalikuwa ya karibu: 35 dhidi ya 19. Gharama kwa kila mwanafunzi ilipanda mjini New York, lakini gharama kwa kila shahada iliyopatikana ilishuka. Hata hivyo sharti la kusoma kwa muda wote humwacha nje mama anayefanya kazi zamu mbili, na huyo ni mwanafunzi wa kawaida kabisa wa chuo cha jamii.

Fedha za serikali nazo huweza kusaidia au kuharibu. Tennessee, kwa sheria ya mwaka 2010, ilianza kuvigawia vyuo vyake fedha kwa matokeo badala ya idadi ya waliojiandikisha. Kama fomula ingeishia hapo, njia rahisi ya kupandisha asilimia ingekuwa kuwavuta waliojiandaa vizuri na kutojishughulisha na wengine, na mlango ulio wazi ungefungwa polepole bila tangazo. Kwa hiyo fomula huongeza uzito kwa wanafunzi wazima na wenye kipato kidogo wanaofaulu, ili chuo kinachowafikisha mwisho kilipwe zaidi.