Je, wajua? Seli ya saratani inaweza kujipenyeza ndani ya jirani yake

Mtu akiona picha ya hadubini yenye seli nzima ndani ya seli nyingine, jibu linalomjia haraka ni kwamba kubwa imemeza ndogo. Wanapatholojia, yaani wataalamu wa kuchunguza tishu za wagonjwa, wamekuwa wakiziona picha hizo kwenye uvimbe wa saratani tangu karne ya 19: kuna viini viwili, na kile cha seli ya nje kimebanwa ukingoni hadi kikapindika. Wengi wao waliita jambo hilo ulaji wa seli kwa seli. Dhana hiyo haikuwa ya kipuuzi, kwa maana makrofaji za kinga ya mwili hula hivyo kila siku. Hunyoosha utando wao, wakaizingira bakteria au seli iliyokufa, kisha wakaimeza.

Ila mwaka 2007 watafiti Michael Overholtzer, Joan Brugge na wenzao wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walionyesha njia nyingine, wakaiita entosi. Walichukua seli za titi wakazinyima mahali pa kujishikiza, zikabaki zinaelea. Baada ya saa chache nyingi zilikuwa ndani ya wenzao. Tena zilizoingia zilikuwa hai, na nguvu ya kuingia ilikuwa yao wenyewe. Protini inayoitwa Rho, inayoamuru seli ijikaze, ikizimwa kwenye seli inayoingia, safari haipo. Kwa hiyo hapa mwenye nyumba hafanyi kazi kubwa. Mgeni ndiye anayejisukuma.

Chukua mpira uliopungua upepo, ubonyeze kwa ngumi. Mpira haufungui mdomo wala haumezi chochote. Ngumi inasukuma, raba inabonyea na kuizunguka hadi kwenye kifundo cha mkono. Ngumi sasa imo ndani, lakini raba bado imeitenga na hewa ya mpira. Ndivyo seli iliyoingia inavyokaa kwenye kifuko cha utando wa mwenyeji. Ukilegeza vidole, hufiki mbali. Mpira ukijaa upepo sawasawa, unakurudisha. Kwenye seli, ukazaji huo wa ngumi ni kazi ya nyuzi za aktini na miosini, na protini za kadherini huzishikiza seli mbili zisiteleze. Ngumu huingia, laini hugeuka nyumba. Mfano unagoma mahali pamoja tu: seli hujifunga nyuma ya mgeni, mpira haujifungi.

Kichekesho ni kwamba aliyehangaika kuingia ndiye hufa, mara nyingi. Laisosomu za mwenyeji, yaani vifuko vyake vya kumeng'enyea, huungana na kifuko, asidi na vimeng'enya vikamyeyusha, na mwenyeji akafaidi lishe. Mara nyingi, lakini si kila mara: wapo wanaotoka wazima, na wapo wanaogawanyika humohumo ndani.

Entosi haielezi kila picha. Seli za melanoma (aina ya saratani ya ngozi) zilizosambaa zimeonekana zikizila kwelikweli limfosaiti T, yaani askari waliotumwa kuziua. Hapo neno ulaji linabaki sahihi.

Je, mgonjwa mwenye seli hizi ana hali gani? Hapa ushahidi unavutana. Seli ya saratani ikifa ndani ya nyingine, ni hasara kwa uvimbe. Upande wa pili, aliyebaki ameshiba, na mgeni aliyemkaa tumboni huweza kukwamisha mgawanyiko wake, hadi akabaki na viini viwili na idadi mbovu ya kromosomu. Hali hiyo huweza kuzaa seli sugu zaidi. Kwenye saratani za kichwa na shingo, wingi wa picha hizi umeambatana na matokeo mabaya. Kwenye titi, baadhi ya tafiti zimeona kinyume. Kongosho ndilo lenye vituko: utafiti mmoja ulihusisha seli kulana na kupungua kwa usambaaji, mwingine ukazikuta seli za entosi kwa wingi kwenye uvimbe uliokwisha kufika ini.

Sehemu ya mkanganyiko inatoka kwenye kipimo chenyewe. Kipande cha nyama kilichokatwa, kikakaushwa na kutiwa rangi hakionyeshi kama seli ya ndani ilikuwa inaingia, inakufa au inatoka, wala kama iliingia yenyewe au ilimezwa. Yote huhesabiwa kwenye fungu moja. Kwa sasa daktari hupanga matibabu kwa hatua ya ugonjwa, gredi ya uvimbe (jinsi seli zake zinavyotofautiana na za kawaida) na, kwa titi, vipokezi vya homoni na protini ya HER2. Hesabu ya seli zilizomo ndani ya seli bado ni shughuli ya watafiti.