Mbolea ya serikali: yanayosemwa Chwele na yaliyo kweli

Ikifika Machi, mvua ikianza kubisha hapa Bungoma, soko la Chwele huwa na habari mbili tu: bei ya mbegu, na nani amekula mbolea ya serikali.

“Serikali hutuma pesa za ruzuku, chifu anazila.”

Hakuna pesa zinazotumwa. Ruzuku hii ni punguzo la bei. Mwaka 2022 mfuko wa kilo 50 ulikuwa umepita shilingi 6,000 madukani. Septemba mwaka huo bei ya ruzuku ikawekwa 3,500, na mwaka 2023 ikashushwa hadi 2,500. Tofauti hiyo serikali huibeba yenyewe, nawe unalipa sehemu yako kwa M-Pesa. Chifu anaweza kuwa na makosa yake mengine, lakini hela hizi hazipitii kwake.

Kinachoniudhi mimi ni kingine. Kwa kuwa ni punguzo, asiye na 2,500 mkononi wiki ya kupanda hapati chochote. Tena idadi ya mifuko hufuata ekari ulizoandikisha, kwa hiyo mwenye ekari ishirini ndiye anayevuna ruzuku kubwa, na mjane wa nusu ekari anabaki kuazima gorogoro la mbolea kwa jirani. Hilo halizungumzwi sana sokoni.

“Jirani alipewa bure, mimi nikauziwa.”

Huenda nyote mnasema kweli. Kaunti ya Bungoma imekuwa na mpango wake wa kuwapa mbegu na mbolea bila malipo wakulima wasiojiweza wanaochaguliwa katika wadi. Ile ya 2,500 ni ya serikali kuu, kupitia bohari za NCPB, bodi ya nafaka ya taifa. Ni mipango miwili tofauti, na orodha mbili tofauti.

“Meseji ya kuniita mbolea haijaja, basi nimefutwa kwenye orodha.”

Shangazi yangu alilalamika hivyo msimu mzima. Kumbe siku ya kuandikishwa alitoa namba ya mwanawe aliye Nairobi, na kijana kila akiona meseji ya mbolea alidhani ni wakora wa simu, anaifuta. Anza kwa kuuliza namba iliyoandikwa kwenye usajili, na ujaribu kupiga *707# kwa simu. Ikiwa ina kasoro, rudi kwa chifu na kitambulisho.

“Mbolea yao ni mchanga.”

Mwaka 2024 ilibainika kwamba baadhi ya mifuko iliyouzwa kupitia mpango huu haikuwa mbolea, na serikali ikaahidi kuwafidia waliouziwa. Si yote iliyokuwa hivyo. Hata hivyo, usitupe mfuko wala ujumbe wa malipo kabla mahindi hayajashika.

“Hata ukiweka nyingi, shamba limekufa.”

Mara nyingi halijafa, lina asidi. Udongo mwingi wa huku magharibi una asidi, na kupanda kwa DAP, ile mbolea ya kupandia, mwaka baada ya mwaka huizidisha. pH, kipimo cha asidi ambacho kikishuka asidi imezidi, ikiwa chini ya 5.5, fosforasi hunaswa na madini ya alumini na chuma, mizizi isiipate hata uweke mifuko mitatu. Dawa yake ni chokaa ya kilimo, baada ya kupima udongo ujue kiasi. Nayo huchanganywa na udongo wiki kadhaa kabla ya mbegu, kwa hiyo ya kupandia Machi itafutwe Januari, wakati mabohari bado hayana foleni.