Tangazo dogo la biashara ni nini, na lipi huleta mteja?

Tangazo dogo ni lile tangazo fupi linalowekwa pamoja na mengine ya aina yake, nyumba na nyumba, magari na magari, kazi na kazi, ili anayetafuta kitu ajue pa kuangalia. Kwa miaka mingi makao yake yalikuwa kurasa za nyuma za magazeti, na mwenye biashara alilipia kwa neno au kwa mstari, kwa hiyo kila neno lilipimwa. Siku hizi mengi yamehamia kwenye simu. Nairobi utayakuta kwenye tovuti za matangazo kama Jiji na PigiaMe, kwenye Facebook Marketplace na kwenye makundi ya WhatsApp ya mtaa.

Bango kubwa la Thika Road humkuta mtu akienda zake, hana haja nawe, ndiyo maana hupiga kelele. Msomaji wa tangazo dogo ni mtu mwingine kabisa. Yeye tayari anataka kununua, na mara nyingi pesa anazo. Huna haja ya kumshawishi kwamba sofa ni kitu kizuri. Anachotaka kujua ni kama hiyo yako inamfaa, inagharimu ngapi na iko wapi. Lakini wafanyabiashara wengi huandika kana kwamba wanapiga debe stejini.

Chukua mfano wa fundi wa sofa pale Kariobangi Light Industries. Anaandika: “Tunauza sofa bora za kisasa kwa bei nafuu. Ubora umehakikishwa. Karibuni nyote!” Hapo hakuna habari hata moja. Nani amewahi kutangaza kwamba anauza sofa mbovu kwa bei ghali? Sasa aandike hivi:

“Sofa ya watu 5 (3+1+1). Fremu ya mbao ya saiprasi, sponji ngumu, kitambaa unachagua mwenyewe. Sh38,000. Inakuwa tayari kwa siku 7. Kuletewa Umoja, Donholm na Buruburu ni bure. Njoo karakana, Kariobangi Light Industries, uone fremu kabla haijafunikwa.”

Ni maneno machache, lakini mtu wa Rongai mwenye Sh15,000 atapita bila kupiga simu, na wa Umoja aliyehamia nyumba mpya atapiga. Kazi ya tangazo hili ni kuchuja pia. Simu ishirini za “bei ya mwisho ngapi?” zinakula siku nzima ya fundi na haziuzi kitu. Na hiyo sentensi ya mwisho ina uzito kuliko zote, kwa sababu kila aliyewahi kununua sofa anajua siri ya fundi iko ndani ya kitambaa.

Kuhusu bei sitazunguka: iandike. “Bei njoo inbox” hufukuza watu. Mteja wa Nairobi akiona hivyo hudhani atapimwa kwa sura yake au mtaa anaokaa, kisha atajiwe bei yake peke yake. Kama kuna nafasi ya kupunguza, ongeza “maelewano yapo” na uendelee.

Kichwa cha tangazo kitumie jina ambalo mteja mwenyewe angeliandika akitafuta. Anayetaka mtungi wa gesi wa kilo 13 hawezi kuandika “suluhisho la upishi wa kisasa”. Picha nayo iwe yako, umeipiga mchana kwenye mwanga. Ya kuokota kwenye intaneti hujulikana haraka. Mahali, taja steji ya karibu au jengo ambalo kila makanga analijua.

Halafu kuna hofu ya kutapeliwa, ambayo jijini ina sababu zake. Watu wametuma pesa za kuona nyumba ambayo haipo. Mwenye biashara ndogo anaweza kuipunguza hofu hiyo kwa mstari mmoja: “Lipa ukipokea.” Kama kazi yenyewe inahitaji arbuni, tumia nambari ya till (ya kupokea malipo ya biashara kwa M-Pesa) iliyosajiliwa kwa jina la biashara, maana jina hilo ndilo litakalosomeka kwenye ujumbe wa M-Pesa, na mteja atalilinganisha na lililo kwenye tangazo.

Usitie chumvi pia. Sheria ya Kenya ya Kulinda Watumiaji ya mwaka wa 2012 inahesabu maelezo ya uongo kuhusu bidhaa kuwa biashara isiyo ya haki, na kuuza kitu kilichotumika kwa jina la kipya ni mojawapo. Mteja aliyedanganywa hivyo anaweza kuvunja mapatano. Friji ya mtumba iitwe ya mtumba, na kama mlango una mkwaruzo, upige picha mkwaruzo wenyewe.

Bidhaa ikishauzwa, ondoa tangazo siku hiyohiyo. Anayepiga na kuambiwa “hiyo iliisha, lakini nina nyingine” huanza kushuku kwamba ya kwanza haikuwahi kuwepo.