Je, wajua kwa nini baadhi ya slabu, yaani mabamba ya zege ya sakafu au paa, hubeba mzigo kwa njia moja na nyingine kwa njia mbili?

Kabla zege halijamwagwa, angalia nondo zilivyosukwa. Kwenye slabu moja, nondo za kubeba mzigo zimelala upande mmoja tu, na zinazozikata ni nyembamba, zimeachana. Kwenye nyingine, nondo za pande zote mbili zina kazi nzito. Tofauti hiyo inatokana na umbo la chumba na kile ambacho slabu imekalia.

Chukua slabu iliyokalia mihimili pande zote nne. Ichore mikanda miwili inayokatana katikati, mmoja mfupi, mmoja mrefu. Pale inapokatana ni zege lile lile, hivyo lazima inepe sawasawa. Sasa, mkanda ukirefushwa mara mbili, kwa mzigo ule ule wa kila mita, hunepa mara 16. Ili ulingane na mwenzake mfupi, basi, mrefu unaweza kubeba sehemu moja tu huku mfupi ukibeba 16. Hiyo ni kama asilimia 94 kwa mfupi.

Ndiyo maana wahandisi huigawa slabu hapo: urefu ukizidi mara mbili ya upana, huhesabiwa kuwa ya njia moja. Chumba cha mita 3 kwa 7 kimo humo. Cha mita 4 kwa 5 hakimo. Huko mkanda mrefu hubeba zaidi ya robo ya mzigo, na kuupuuza ni kukaribisha nyufa. Mpaka wenyewe si ukuta, lakini. Kati ya uwiano wa 1.9 na 2.1 slabu haibadiliki tabia ghafla.

Wengi hukariri uwiano huo wakasahau kuuliza slabu imekalia nini. Slabu ya mraba kamili iliyoshikwa na kuta mbili tu zinazotazamana ni ya njia moja, kwa sababu mzigo hauna pengine pa kwenda.

Na zile nondo nyembamba si mapambo: huzuia nyufa zege linaposinyaa au joto linapobadilika. Kwenye slabu ya njia mbili, nondo zinazofuata upande mfupi ndizo huwekwa chini kabisa katikati ya chumba, maana kadiri nondo inavyokaa mbali na uso wa juu, ndivyo inavyohimili mpindo zaidi. Fundi akizipindua tabaka, idadi ya nondo itatimia, ila nguvu itapungua pale pale inapohitajika.