Mkono wa Mwalimu Ukitetemeka

Mwalimu akishika chaki mkono ukamtetemeka, wa kwanza kuona ni wanafunzi. Jioni habari imefika nyumbani, na kesho yake mzazi yuko mlangoni kwa mwalimu mkuu akiuliza tangu lini shule ikaajiri walevi. Asiyeitwa mlevi huitwa "mulalu", yaani mwendawazimu kwa Kiluganda, na neno hilo likishaingia chumba cha walimu halitoki upesi.

Katika kliniki ya afya ya akili hapa Uganda tunawapokea walimu wa namna hii. Mara nyingi kinachowatetemesha ni dawa, wala si ugonjwa. Haloperidoli na klopromazini, dawa za magonjwa ya akili ambazo hutumika sana katika hospitali zetu, zinaweza kukakamaza misuli, kutetemesha mikono au kumfanya mtu ashindwe kutulia kitini. Tabibu anaweza kupunguza dozi, au kuongeza benzheksoli, dawa ya kutuliza madhara hayo, na hali ikapoa. Lakini mwalimu aliyechekwa hasubiri siku ya kliniki. Anaacha dawa kimyakimya. Baada ya wiki au miezi ugonjwa unarudi, pengine akiwa mbele ya darasa, na walewale waliomcheka wanatazamana: "Si tulisema?"

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Siupendi msemo huu ukigeuzwa fimbo ya kumchapa mgonjwa. Mwalimu wa Busia anayepanda teksi hadi Mbale kuchukua vidonge haendi kwa kupenda safari. Anakwepa foleni walimokaa wazazi wa wanafunzi wake. Hospitali ya magonjwa ya akili ya Butabika, iliyofunguliwa Kampala mwaka 1955, jina lake limegeuzwa tusi la mtaani, ingawa wengi wanaolazwa pale hupata nafuu wakarudi makwao na kazini.

Tena magonjwa haya si mamoja. Skizofrenia na baipola ndizo watu huziwazia wakisikia "wazimu". Sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, haina kelele: mwalimu anachelewa, madaftari yanarundikana bila kusahihishwa, anakonda, haongei. Huyo huambiwa mvivu. Shule zilipofungwa kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022, walimu wengi wa shule binafsi walikosa mshahara. Wapo waliorudi darasani na madeni, misiba na usingizi uliokatika. Dawa za sonona nazo huchukua wiki 2 hadi 4, wakati mwingine zaidi, kabla ya nafuu kuonekana, na hapo katikati wengi hukata tamaa wakaziacha.

Wazazi huuliza: watoto wetu wako salama? Ni swali la haki. Watu wengi wenye ugonjwa wa akili hawamdhuru mtu yeyote, na wao ndio hudhuriwa zaidi. Mwalimu akimuumiza mtoto achukuliwe hatua kwa alichokitenda, awe anakunywa dawa au hanywi. Jina la ugonjwa peke yake si kosa.

Sheria ya Uganda inamlinda mwalimu mgonjwa. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2018 ilichukua nafasi ya ile ya enzi za ukoloni, na Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu na inatoa mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza wa ugonjwa. Ila wengi hawafikishwi kwenye barua ya kufukuzwa. Hunyimwa vipindi, husengenywa, mpaka waondoke wenyewe.

Mwalimu mkuu anaweza kufanya mengi bila senti moja. Ruhusa ya siku moja ya kliniki kila mwezi, bila kuitangaza sababu kwenye kikao. Kama dawa za usiku zinamwachia uzito wa kichwa, somo la kwanza asubuhi lifundishwe na mwingine. Na siri ibaki siri. Kamati ya shule haihitaji kujua anameza nini.

Mwenzako akisema amechoka kuishi, usimhubirie wala usimwache peke yake. Muulize wazi kama anafikiria kujiua; kuuliza hakumwingizii wazo hilo kichwani. Kisha mfuatane hospitali.

Na siku anaporudi baada ya kulazwa, usianze na "pole" ya mnong'ono. Msalimie kama ulivyomsalimia siku zote, mpe rejista yake, mwonyeshe P.5, darasa la tano la msingi, wamefikia wapi kwenye hesabu za sehemu.