42 toa 17, na vile vijiti mnavyovicheka

Alhamisi saa tisa unusu, langoni. Mzazi ananisubiri, daftari la mwanawe ameliinua wazi kama kanjo, askari wa kaunti, aliyekamata leseni iliyoisha muda. "Mwalimu, tangu Jumatatu hakuna kitu humu. Naambiwa mnacheza na vijiti." Nimefundisha chini ya 8-4-4, mfumo wa zamani wa Kenya, nikaingia mtaala wa umilisi ulipoanza 2019, na muhula huu pekee sentensi hiyo nimeisikia mara nne. Nilikuwa mwalimu wa zamu, kuna mtoto aliyekuwa anaparamia ua wa shule, nikamjibu mzazi kwa kifupi na kwa ukali. Jibu refu ni hili.

Chukua 42 toa 17. Mwandikie mtoto wa Gredi ya 3 kwa kusimamisha, 17 chini ya 42. Wengi watakupa 35, na hawabahatishi. Mtoto anaona 7 haitoki kwenye 2, kwa hiyo anageuza: 7 toa 2 ni 5, kisha 4 toa 1 ni 3. Ana kanuni yake, anaifuata kwa nidhamu kuliko watu wazima wengi wanavyofuata taa za barabarani. Ukimwekea X nyekundu, anajua amekosa. Hajui amekosea wapi. Kesho atakuletea 35 nyingine.

Dawa tuliyopewa sisi ilikuwa wimbo: "Mbili haitoshi, kopa moja kwa jirani." Wazazi wanaufundisha wimbo huu jioni, mezani, kwa nia njema kabisa, na asubuhi mimi ndiye ninayefagia. Kwanza, si moja, ni kumi. Ile 4 ni makumi manne, na unachotoa hapo ni fungu zima la kumi. Pili, ni mkopo gani huu usiolipwa? Mtoto wa Nairobi anajua jirani akikopa kikombe cha sukari, kikombe hurudi, la sivyo ploti nzima itasikia. Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi aliniuliza, "Mwalimu, atamrudishia lini?" Darasa likacheka. Nami, kwa haraka ya kumaliza azimio la kazi, ule mpango wa masomo ya muhula, nikamwambia aandike tu. Lilikuwa swali bora zaidi la muhula ule, na mimi nililizima.

Hakuna aliyekopa. 42 haijapungua. Imepangwa upya tu: makumi matatu na mamoja 12. Ni kama noti ya 100 unayovunjiwa na mama mboga. Ukiondoka na sarafu bado una 100. Kwa hiyo darasani kwangu hatukopi, tunavunja.

Vijiti ndipo vinapoingia. Kumi vinafungwa kwa mpira mdogo ule wa kufungia noti. Mtoto anapewa mafungu manne na vijiti viwili, naambiwa ni mchezo. Namwambia anipe 17. Ananipa fungu moja. Vimebaki saba vya kunipa, na mkononi ana vijiti viwili visivyo na fungu. Ananitazama. Anatazama mafungu. Ananitazama tena. Kimya hicho, mzazi, kinaweza kuchukua dakika nzima katika somo la dakika 30, na hakiandikiki kwenye daftari. Nikisema "fungua mpira" nimemwibia. Akiufungua mwenyewe, vijiti kumi vikamwagika mezani, huwa anatabasamu kama aliyefungua mlango wa stoo. Anahesabu saba, ananipa. Amebaki na mafungu mawili na vijiti vitano.

Na hapa nina ugomvi na walimu wenzangu pia. Si kila kifaa kinafanya kazi hiyo. Wapo wanaochukua vifuniko vya soda na kusema chekundu ni kumi, cheupe ni moja. Mtoto atavunjaje kifuniko chekundu? Hakuna kumi ndani yake, kuna neno la mwalimu tu. Lazima aniamini, na lengo langu lilikuwa asinihitaji. Sarafu ya shilingi 10 ina tatizo lilo hilo, maana ni duara moja tu la chuma. Kwa hiyo vijiti kwanza, sarafu na vifuniko baadaye, mtoto akishaona kumi kwa macho. Geuza mpangilio huo na kweli mtakuwa mnacheza. Nimeingia madarasa yenye vifuniko mia tatu mezani, kelele tamu, wageni wamefurahi, na hakuna aliyeulizwa swali moja gumu. Huko mzazi angekuwa sahihi.

Yuko sahihi pia kuhusu kazi za kubeba nyumbani. Sanamu ya kufukuza ndege iliyotengenezwa na baba saa tano usiku imemfundisha baba. Sina utetezi.

Siku ya soko ya darasa, mwisho wa muhula, ni hadithi hiyo hiyo. Watoto wanauza maandazi na ndizi wao kwa wao, wanarudishiana chenji. Halafu mzazi anasimama nyuma ya mwanawe akimnong'oneza: "Mpe ishirini na tano." Mama, hilo ndilo lililokuwa somo! Na kuna jambo jingine linanisumbua: wengi wao nyumbani hawaoni tena sarafu. Kila kitu ni M-Pesa. Nikisema "nivunjie hii" kuna mtoto anayefikiri nataka kuharibu kitu.

Sasa nikiri ninayoyanong'ona katika chumba cha walimu. Nina wanafunzi 58. Hayo ni makundi tisa ya sita na moja la wanne, na katika kila kundi kuna mmoja anayeshika vijiti na mmoja anayechungulia dirishani. Fomu ya tathmini inanidai niseme nani amefikia matarajio na nani anayakaribia. Kuna majina niliyowahi kuweka kwenye "kufikia" kwa sababu sura ilionekana kuelewa.

Tena, wapo wanaovunja fungu Jumatatu bila kusita, na Jumatano, kwenye karatasi, ni 35 ile ile. Kati ya kijiti na tarakimu kuna daraja ambalo nimelitengeneza kwa namna nyingi: kuchora mafungu, kuandika huku wakishika, kuandika kabla ya kushika. Kwa wengine linashika. Kwa wengine halishiki, na sijui kwa nini.

Na kuna msichana anayesaidia kuuza sambusa nyumbani kwao. Yeye hatoi kabisa. Anapanda: 17 mpaka 20 ni 3, mpaka 40 ni 20, mpaka 42 ni 2. Ishirini na tano, kabla sijamaliza kuandika swali ubaoni. Ndivyo chenji inavyorudishwa dukani. Je, nimlazimishe kusimamisha? Nilimlazimisha wiki mbili, akaanza kukosea. Nimemwacha kwa sasa, huku nikijua mwalimu wa Gredi ya 4 atanilaumu, na huenda atakuwa na haki.

Daftari litaanza kujaa Jumanne, tukianza kuandika tulichoshika. Kabla ya hapo naomba mipira ya kufungia noti, mzazi, hata kumi tu. Yangu nusu iko kwenye nywele za wasichana, na nusu nyingine wavulana wamefanyia manati.